Jenerali wa Mzee Mloka

Tarehe tisa mwezi wa pili mwaka huu tulimzika Zakaria kule Vidunda, kwenye shamba la baba yake, juu ambako pikipiki hukata tamaa na mtu humalizia kwa miguu. Reli imempoteza mtu wake. Mimi nimempoteza mtu niliyemwonea wivu tangu ujana hadi uzee, na sasa wivu wenyewe sijui niupeleke wapi.

Wadogo zangu wa genge la reli, siku ile mliniambia, "Mzee Hamisi, andika mambo ya kazi kabla hamjaisha wote." Neno kuisha sikulipenda, lakini nimestaafu, muda ninao, na waliobaki kweli tunafahamiana kwa majina. Nimesoma hadi darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza miaka ya mwanzo ya themanini, wakati kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi. Mimi na Zakaria tuliripoti siku moja stesheni ya Kilosa, tukapangiwa genge la njia ya Mikumi. Mimi nilizaliwa kwenye kota za reli. Baba yangu alitoka Tabora kuja kulaza mataruma ya kubebea reli, akazeeka hapa hapa, na mimi utotoni nilikuwa siwezi kulala treni isipopita. Zakaria alishuka kutoka Vidunda na mfuko wa maharage, na treni alikuwa hajawahi kuisogelea.

Tukiwa bado tumesimama na barua zetu mkononi, ikaingia treni ya mizigo. Mtu mmoja wa genge, Selemani, mtani wa kila mtu, akamwambia Zakaria, "Mgeni, hii ni mkubwa wako wa kazi. Hapa kwetu tunaisalimia."

Zakaria akavua kofia. "Shikamoo," akaiambia treni.

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Basi ikasikika sauti kutoka nyuma ya behewa: "Marahaba, mwanangu." Akatokea mzee mfupi, mweusi tititi, ameshika mtaimbo kama fimbo ya kutembelea. "Na nyie wengine, mbona hamsalimii?" Ikabidi sote, na Selemani wa kwanza, tuiambie treni shikamoo, na yule mzee akaitikia kwa niaba yake, mmoja baada ya mwingine, uso mkavu.

Huyo ndiye Mzee Mloka, mnyapara wetu. Angalieni wivu unavyoanza. Mtu amefanya ujinga mbele ya stesheni nzima, akaitwa mwanangu. Mimi niliyejua jina la kila chuma pale niliitwa "wewe wa kota" kwa mwaka mzima.

Umri wa Mzee Mloka kwenye karatasi ulikuwa mdogo kuliko umri wa mwili wake, na hakuna ofisa aliyependa kulichunguza jambo hilo, kwa sababu wangempata wapi mwingine? Alitufundisha vitu ambavyo leo mashine zinavifanya, na mashine ikiharibika mtavihitaji. Taruma la mbao likioza halijulikani kwa macho. Ligonge kwa kisigino cha mtaimbo: zima hulia, bovu huguna. Kokoto usizipige kwa hasira, maana zinaingia upande mmoja na reli inabaki inacheza. Reli usiikalie saa saba mchana. Inatanuka, nayo ikichoka kujizuia inaruka pembeni kama nyoka, na wewe hutapata nafasi ya kusimulia. Kule karibu na Mikumi, asubuhi tazama kwanza kama tembo hawajajikuna kwenye nguzo za maili. Nguzo ikiwa imelala, tembo hajaenda mbali.

Reli tuliinua kwa wimbo. Mwimbishaji nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na sauti. Nilikuwa nikiita, "Mama kapika nini?" nao wanajibu, "Mlenda!" na kwenye "mlenda" chuma kinapanda. Siku nikitaka kuwaua naita haraka haraka. Selemani alikuwa akilalamika, "Hamisi, mama yako apike ugali basi, tupumzike."

Sasa nifike kwenye lile lililotutofautisha na magenge mengine. Kwingine mnyapara hutangulia na bendera, watu wanafuata. Kwetu Mzee Mloka alikaa mwisho wa mstari. Asubuhi tukienda kazini, jioni tukirudi kambini, yeye nyuma kabisa, hatua kadhaa kutoka kwa mtu wa mwisho. Chakula aligawa yeye, na yeye akala kilichobaki, siku nyingine ukoko. Kiberenge, kile kigari cha reli, kikija kutuchukua hapandi kabla ya aliyechoka kuliko wote. Nilimuuliza sababu.

"Ukiwa mbele unaiona njia," alisema. "Ukiwa nyuma unawaona watu. Nilijifunza kwa adui."

Adui mwenyewe alikuwa jenerali wa Kijapani. Mzee Mloka alichukuliwa akiwa kijana kwenda vita vya Burma katika jeshi la mkoloni, na huko, mvua za mwaka mzima, matope mpaka kiunoni, akapewa kazi ya kumlinda mateka mmoja wa Kijapani aliyekuwa mpishi wa jenerali huyo. Walizungumza kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili, kwa mikono na kwa kuchora ardhini. Jina la jenerali Mzee alilitaja kila siku kivingine, kwa hiyo siwezi kuwapa. Sisi tulimwita Mkwe wa Mzee, kwa sababu mtu hawezi kumtaja mtu kiasi kile bila kuwa ameoa kwao.

Hadithi aliyotusimulia sote ni hii. Jenerali alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga, kutoka upande wa nchi yao wenye theluji. Alipelekwa shule ya jeshi akiwa mdogo, akakua mfupi, mwenye miwani, mpenda kinywaji, mdomo hauna breki mbele ya wakubwa. Vitani akaamriwa avuke milima na watu wake akaukamate mji. Akaambiwa nenda, chakula kitakufuata. Akaenda. Chakula hakikufuata. Akawa anatuma ujumbe kuomba mchele, anarudishiwa ujumbe wa kumtaka awe shujaa. Watu wake wakala majani, wakala mikanda. Ndipo akavunja amri. Akawaambia wakubwa wake kwamba wao wameshindwa kutimiza ahadi, na yeye anawarudisha watu nyumbani. Akageuza jeshi, akatembea nyuma yake, kwa mguu, na fimbo, ili kila anayeanguka aanguke mbele ya macho yake. Wakamvua madaraka. Wakasema ni kichaa, maana jenerali mwenye akili timamu harudi nyuma.

Mzee Mloka akimaliza hapo huwa anasema, "Tulikuwa tunamfukuza ili tumuue. Mimi nilikuwa naomba Mungu yule mtu asimame tumpate, na huku naomba asipatikane."

Ndugu zangu, nilimchukia Mjapani yule. Mtu amekufa zamani, nchi yake sijui iko upande gani wa jua, na kila nilichofanya nilipimwa naye. Nikiwahi kazini: "Jenerali angekuwa ameshawaamsha wenzake." Nikinyanyua taruma peke yangu: "Jenerali hakuwa na misuli." Sikumbuki kusikia hata siku moja, "Vizuri, Hamisi," bila Mjapani kusimama katikati yetu. Nilitaka neno hilo. Nilitaka Mzee aseme mbele ya watu kwamba mimi ndiye nitakayelishika genge kama yeye. Zakaria hakutaka kitu, na kila siku alipewa. Mzee alimkalisha karibu, akamfundisha kusikiliza reli, akacheka naye juu ya maharage yake ya Vidunda. Siku moja alimtazama akimbebea mgonjwa zana zake, akasema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, "Huyu angemfaa yule Mjapani." Nilisikia. Chakula cha siku ile sikukimaliza.

Basi ikaja masika ya mwaka ule ambao wazee wa Kilosa bado wanausimulia kwa maji yake. Kuna tuta refu kabla ya daraja, upande wa kuelekea Mikumi, mto unapita chini yake kwa kona. Mto ukaanza kulila. Treni ya sukari ilikuwa imezuiwa Mikumi inasubiri. Mzee Mloka alikuwa kambini na malaria, meno yanagongana. Akatuita sote mlangoni. "Hamisi atangulie, njia anaijua. Zakaria akae nyuma."

Watu wa genge lingine wangesema nimepewa ukubwa, kwa kuwa nimewekwa mbele. Sisi tulijua nyuma ni mahali pa nani. Selemani alininong'oneza, "Hongera, bwana bendera."

Tulijaza magunia udongo na mawe, tukayapanga mguuni mwa tuta, maji yakiwa magotini. Akaja bwana mmoja wa ofisini kwa kiberenge, viatu vikavu. Akatazama, akasema, "Hakuna kutoka hapa mpaka magunia yote yaishe. Treni inasubiri." Akageuza kiberenge akaondoka.

Kabla ya saa sita maji yakaanza kuchuruzika upande wa pili wa tuta. Hilo si ajabu. Maji safi yakivuja, endelea na kazi. Yakitoka na tope, ujue tuta linaliwa kwa ndani, na tuta linaloliwa kwa ndani haliagi. Zakaria alikuwa mwisho wa mstari, ndiye aliyeyaona.

"Hamisi! Maji yamebadilika rangi. Watu watoke."

"Ni mvua inaosha udongo wa juu," nikamjibu. "Magunia yamebaki machache."

"Watoke kwanza, tubishane tukiwa kule juu."

"Amri umeisikia."

"Nimeisikia. Mwenye amri yuko wapi?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko baridi. Nikamwambia kwa sauti, kila mtu asikie, "Zakaria, wewe si Mjapani wa Mzee!"

"Siye," akasema. "Lakini hawa watu ni watu vile vile." Akaanza kuwashika mabega mmoja mmoja. "Haya, tupa hilo. Panda. Panda, kaka." Wakatupa magunia wakapanda. Yeye akapanda wa mwisho.

Waliobaki na mimi ni wawili, Selemani na mwenzake. Selemani alisema amebaki kwa sababu mlima unateleza. Tuliyachukua magunia yaliyobaki tukayazamisha pale tope lilipokuwa linatokea, moja juu ya jingine, mpaka mikono ikafa ganzi. Alasiri maji yakaanza kutoka meupe. Jioni yakapungua. Tuta likasimama. Kesho yake treni ya sukari ilipita juu yake polepole, na mimi nilisimama pembeni na bendera ya kijani.

Zakaria alisimamishwa kazi kwa kukaidi. Mimi, yule bwana wa ofisini alinishika mkono mbele ya genge zima na kusema reli inahitaji watu kama mimi. Nikaenda na mkono huo huo kwa Mzee Mloka. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunika blanketi hadi kichwani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tuta?"

"Limesimama, Mzee."

"Alhamdulillahi. Watu?"

"Wazima wote."

"Zakaria yuko wapi?"

Nikamweleza. Akaomba fimbo. Nikasema, "Mzee, unaumwa." Hakunisikia, au alinisikia. Akajikokota na blanketi lake hadi chumba cha Zakaria, akaingia, mlango ukafungwa, na hakutoka hadi machweo.

Siku mbili tatu zilipopita nilishindwa kuvumilia. "Mzee, nilikosea wapi? Tuta limesimama."

"Hukukosea. Tuta limesimama."

"Sasa mbona uko hivi?"

"Niko vipi? Umeniuliza habari za tuta, nimekujibu habari za tuta."

Zakaria alirudishwa kazini baada ya muda, kwa sababu watu wa kujua njia ile hawakuwa wengi. Mzee alipoacha kazi, Zakaria ndiye aliyeshika nafasi yake pale nyuma ya mstari. Hakuteuliwa na ofisi. Siku ya kwanza bila Mzee tulipanga mstari kwenda kazini, na watu wakageuka wenyewe kumtazama yeye. Mimi nikatangulia na bendera, nikawa bwana bendera hadi nilipostaafu. Ofisi ilikuwa ikiongea na mimi. Genge lilikuwa likiongea na yeye.

Nilijua kwamba siku ile chumbani Mzee alimwambia jambo. Niliwakuta mara nyingi wakizungumza habari za yule Mjapani, nami nikifika wanahamia kwenye mvua. Mke wangu alisema, "Mwanaume mzima unaionea wivu hadithi?" Ndiyo. Nilikuwa naionea wivu hadithi.

Kuna siku treni iligonga ng'ombe wa Msukuma mmoja aliyekuwa amehamia huku na familia yake miaka michache kabla. Ng'ombe wanne walilala kwenye kokoto, na mwenye nao akasimama pale. Kazi yetu ilikuwa kusafisha njia tuondoke. Zakaria alisimamisha genge. Aliwaambia watu wamsaidie yule baba kuwavuta ng'ombe mpaka kivulini wachunwe nyama isipotee, kisha akakaa naye chini jua lote.

Nilimfuata. "Hawa si watu wetu, Zakaria. Ofisi inasubiri taarifa."

"Ndiyo maana nimekaa," alisema. Sikuelewa, na sikutaka kuelewa.

Mzee Mloka alifariki kabla simu za mkononi hazijafika Kilosa. Nilipata habari asubuhi kwa mdomo, nikakuta Zakaria ameshafika na ameshachimba nusu ya kaburi. Hata hapo aliniwahi.

Miaka mingi baadaye, tukiwa sote tumeshaota mvi, alikuja Kilosa mhandisi wa Kijapani kutazama mto na mafuriko yake. Nikaambiwa nimtembeze kwenye matuta, mimi ninayejua njia. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia pana, na binti mkalimani kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akiogopa nyoka. Nilingoja tulipokaa kunywa maji, nikamwambia binti, "Muulize kama anamjua jenerali mmoja wa vita vya Burma," nikamsimulia yote, mchele usiofika, amri iliyovunjwa, fimbo. Nawaambia ukweli: nilikuwa nikiomba aseme ni uongo.

Yule mhandisi alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Binti akatafsiri: "Anasema anafahamu habari kama hizo. Anasema kwao wapo wanaomwita mtu wa namna hiyo mwokozi, na wapo wanaomwita mwoga. Babu yake mwenyewe alikufa huko." Mhandisi akaongeza jambo kwa sauti ya chini, na binti akasita. "Anasema pia tusisahau wenyeji. Jeshi lile lilipoingia kwenye milima lilichukua mchele wa vijijini, na ng'ombe, na watu wa kubeba mizigo. Anasema wenye vijiji nao walikufa njaa, na hao hakuna aliyewarudisha nyumbani."

Nilirudi Kilosa nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo. Nilimkuta Zakaria kwenye stoo ya zana, anaipaka mafuta geji, kile kipimo cha upana wa njia. Sikukaa hata chini.

"Jenerali wenu alikuwa mwizi wa mchele."

"Nani kakuambia?"

"Mjapani mwenyewe, wa leo. Aliwanyang'anya wanavijiji wakafa njaa. Ndiye huyo mliyenipimia maisha yangu yote?"

Aliendelea kupaka mafuta. "Kakuambia kweli. Hata Mzee aliniambia hivyo."

"Lini?"

"Siku ya tuta, alipokuja chumbani. Alisema walipokuwa wakimfukuza yule mtu walipita kijiji kimoja, hakuna nafaka, hakuna mnyama. Bibi mmoja amekaa mlangoni. Mzee akampa biskuti yake ya jeshi, bibi akaikataa. Alikuwa ameshajifunza askari ni nini. Mzee alisema hivi: yule jenerali aliwapenda watu wake mpaka wa mwisho, lakini wa pembeni hakuwaona. Akaniambia, 'Leo umefanya kama yeye, umefanya vizuri. Sasa usiishie alipoishia.'"

Nikakumbuka ng'ombe wa yule Msukuma, na bado hasira haikushuka. "Kwa nini mimi hakuniambia? Mimi nilimkosea nini?"

"Nilimwomba. Nilimwambia, Mzee, haya mwambie na Hamisi."

"Akasemaje?"

Zakaria akafuta mikono kwenye suruali. "Alisema, 'Hamisi akilipata hili atalifanya rungu.'" Akanitazama, akaanza kucheka, kicheko chake kile cha bila kelele. "Na kweli, kaka, umeingia nalo begani."

Ningependa kuwaandikia kwamba wivu uliishia pale kwenye stoo. Uliongezeka. Alikuwa na hadithi nzima, mimi nilipewa nusu, na aliyeninyima alikuwa ameniona sawasawa. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, tukazikiana ndugu, tukachangiana harusi za watoto. Yeye nyuma, mimi mbele.

Zakaria aliugua kifua mwishoni mwa mwaka jana, akaomba apelekwe kwao mlimani, na huko akafariki.

Mazishini mlikuwepo. Kijana wetu Baraka alisimama kusema kwa niaba ya genge, akasema vizuri, akina mama wakalia. Akasimulia siku ya tuta: mto ulivyojaa, marehemu alivyokaidi amri na kuwatoa watu, "na mtu wa mwisho alipotoa mguu tu, tuta lote likaporomoka likaenda na maji." Akasema, "Huyu alikuwa jenerali wetu." Watu wakaitikia. Kisha mchungaji akasema mwenzake wa miaka mingi, Mzee Hamisi, atupe neno.

Nilikuwa na maneno mengine niliyoyaandaa. Nikasimama, nikatazama jeneza, nikasema, "Tuta halikuanguka. Nilikuwepo chini yake. Nilibaki na watu wawili, na lilisimama, na treni ikapita. Zakaria aliwatoa watu kwenye tuta ambalo halikuanguka. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Baraka akaangalia viatu vyake. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hata leo, babu?" Mchungaji akakohoa, akaanzisha wimbo, na nadhani hakuna wimbo uliowahi kuitikiwa kwa haraka kama ule.

Baada ya kuzika na kula, nilikaa peke yangu pembeni mwa nyumba. Watu walikuwa wananipita kama shimo. Mjane, Mama Anna, akaja akakaa kwenye mkeka karibu nami, kanga ameifunga kiunoni.

"Pole sana, shemeji," nikasema.

"Nimeshapoa, shemeji. Umesema kweli pale. Hata mwenyewe alikuwa anawakatalia watoto. Walikuwa wakisema limeanguka, anawaambia, halikuanguka, Hamisi alilizuia." Akanyoosha kanga magotini. "Ila ungengoja watu wale kwanza."

"Ni kweli."

"Wale waliobaki na wewe kule chini, walikuwa akina nani?"

"Selemani," nikasema.

"Selemani namfahamu, Mungu amrehemu. Na wa pili?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona vizuri kabisa: shati lake la kaki lililochanika kwapani, gunia begani, alivyokuwa akipumua kwa mdomo, maji yalivyoendelea kupanda yamemfika kifuani kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko sisi. Alisimama pale kwa sababu nilimwambia asimame. Jina lake halikuja. Nikajaribu herufi moja moja.

"Alikuwa mtu wa Malolo," nikasema.

Mama Anna akangoja. Alinipa muda mrefu, zaidi ya nilivyostahili.

"Dominiki," akasema. "Baba Anna alikuwa akipita kumwona kila akishuka. Alifariki mwaka juzi. Mwanawe yule pale, anakunja turubai."

Akainuka kwenda kuwaaga wageni. Yule kijana alikuwa anahangaika na turubai peke yake, upepo unalivuta. Nikaenda nikashika upande wa pili.